Viatu vya Jumapili

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu kama behewa, vyumba sita huku na sita huku, na katikati korido ya sementi iliyopeleka kila sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakupa pole. Wapangaji waliitana kwa kazi zao: Kinyozi, Mwalimu, Fundi. Yule wa chumba cha mwisho, karibu na bomba la maji, walimwita Barafu, kwa sababu alikuwa mhudumu wa mochwari katika hospitali kubwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Aliosha maiti, akawaandika kwenye daftari, akawafungulia ndugu mlango.

Hakuwa mtu wa kutisha hata kidogo. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi na sauti ya chini, na kila asubuhi alimwamkia kila mtu. Lakini watu walimpungia mkono kutoka mbali badala ya kumpa. Kinyozi alikubali kumnyoa, ila alimwambia mbele ya wateja, "Bwana Barafu, tazama kioo. Usinitazame mimi, naona kama unanipima." Watu wakacheka, na Barafu akacheka nao. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, naye mkewe, aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu, hakucheka.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Alivaa suruali iliyonyooka kama rula na viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, vyenye kipande cha chuma kwenye kila kisigino. Ko, ko, ko, mpaka mlangoni. Kinyozi alikuwa akisema, "Mheshimiwa anakwenda kanisani."

Viatu hivyo alimwambia mkewe kwamba alivipata mitumbani. Haikuwa kweli. Miaka miwili nyuma, maiti ya mwanamume ililetwa kutoka barabara kuu, ikiwa imegongwa na gari ambalo halikusimama. Uso ulikuwa umeharibika upande mmoja. Mfukoni hamkuwa na kitambulisho wala simu. Barafu alimwosha, akamfunika, akaketi kumwandika: umri, kama miaka thelathini na mitano, shati, la bluu, alama, jino la mbele limemeguka. Alipofika kwenye viatu aliviangalia kwa muda. Alijua kwamba maiti asipodaiwa na ndugu, nguo zake huchomwa nyuma ya jengo, pale penye pipa. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeachama midomo kama samaki. Akaandika: viatu, hakuna. Akamwomba Mungu msamaha upesi upesi, kama mtu anayeomba radhi baada ya kupiga chafya, akavitia mfukoni mwa begi. Siku ishirini na moja zikapita, hakuna aliyekuja, na manispaa ikamzika yule mtu pamoja na wengine wasio na majina.

Sasa ikawa Jumapili moja mchungaji wao aliwaambia waumini waache kusubiri mkutano wa injili wenye vipaza sauti. Alisema kila mtu achague mlango mmoja karibu na kwake, aubariki. Amwombee aliyemo, amtumikie, amsikilize, na akiulizwa habari za imani yake, aseme. Barafu alitoka pale na moyo mwepesi. Alihesabu milango ya korido akirudi nyumbani, akauchagua wa Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo kidogo, mshona nguo, aliyehamia pale mwaka mmoja uliopita pamoja na mama mkwe wake, kikongwe ambaye macho yalikuwa yamebaki na mwanga tu, bila sura. Mume hakuwepo. Watu walisema amesafiri. Cherehani yake ilikuwa dirishani, na kikongwe alikaa kitini karibu na mlango, mchana kutwa, uso ukielekea koridoni.

Barafu alianza na maji. Kwa kuwa bomba lilitoa maji alfajiri tu, alijaza ndoo mbili za ziada, akaziweka mlangoni kwa Fundi, akaenda zake kazini. Wiki ya pili akatengeneza komeo. Wiki ya tatu akazibua mfereji uliokuwa ukimwagia maji kizingitini kwao. Fundi mwanzoni alizitazama zile ndoo kama mtu aliyekuta nyoka. Halafu, pole pole, akazoea. Siku moja akasema, "Kaka, Jumapili mkitoka kanisani, wewe na shemeji, piteni mnywe chai. Msikatae."

Barafu hakuamini masikio yake. Katika miaka yote hiyo hakuna jirani aliyemkaribisha chai.

Wakaenda. Mkewe alitangulia kuingia, yeye akafuata, ko, ko, ko, akavua kofia mlangoni. Kikongwe aliyekuwa amesinzia aliinuka ghafla, akashika mkono wa kiti, akasema kwa sauti iliyojaa furaha, "Mwanangu! Nilijua utaingia leo. Kila Jumapili unapita tu!"

Fundi akamshika bega. "Mama, huyu ni kaka wa chumba cha mwisho. Anayetuletea maji."

"Acha kunidanganya. Mguu wa mwanangu nisiujue?"

Fundi aliomba radhi kwa macho. Alipowamiminia chai alieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe alikuwa fundi umeme, aliyekuwa akisafiri kwenda kufunga nyaya kwenye majengo mapya. Miaka miwili iliyopita aliondoka asubuhi, akasema atarudi jioni. Hakurudi. "Alikuwa na viatu vyenye chuma kisiginoni. Ni baba yake aliyempigilia, kabla hajafariki. Mama anasikia chuma anadhani ni yeye. Mzoee tu, kaka."

Barafu aliweka kikombe mezani. Aliirudisha miguu chini ya kiti, na alipoinua macho aliiona picha ukutani: kijana ameketi, mguu mmoja juu ya mwingine, akicheka. Jino la mbele lilikuwa limemeguka. Na kiatu kilichoning'inia hewani, chenye mshono wa pembeni uliopinda kidogo pale ulipoanzia, kilikuwa kiatu alichokuwa amekivaa.

"Mlimtafuta?" mkewe aliuliza, kwa huruma ya kweli.

"Kila mahali, shemeji. Polisi, wodini. Mpaka mochwari kwenu huko nilifika, kaka, lakini siku hiyo hukuwepo, nilimkuta karani. Akafungua daftari akasema yupo mwanamume mmoja, uso umeharibika, shati la bluu. Moyo ulinikatika. Nikamwuliza, ana viatu gani? Akasema, huyu hana viatu. Nikamwambia basi siye, mume wangu asingetoka bila viatu vile hata kwenda dukani. Hata sikungoja anisomee zaidi, wala sikuingia kumtazama." Akatabasamu, akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Nilirudi nyumbani namshukuru Mungu njia nzima."

Barafu alisema tumbo linamsumbua. Akatoka, na kila hatua yake koridoni aliisikia, na nyuma yake kikongwe akamwita, "Unaondoka tena?"

Viatu akavifungia kwenye mfuko wa plastiki, akavisukuma juu ya kabati. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na kandambili, akamwambia mkewe vidole vinamwuma. Kazini akaanza kuona mambo ambayo hakuyaona kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa akiosha mtu, mtu asiyemjua kabisa, anafika kwenye miguu anasita, kama vile miguu ile inasubiri jibu. Mara mbili alisikia ko, ko kwenye sakafu ya vigae nyuma yake. Akageuka. Hapakuwa na mtu, bali bomba lililokuwa likidondosha. Alilikaza. Sauti ikaendelea.

Maji aliendelea kupeleka. Alijaribu kujiambia kwamba hiyo inatosha: kumtumikia mjane bila mwenyewe kujua kwamba ni mjane. Lakini neno lenyewe lilimkwama. Yeye ndiye peke yake duniani aliyejua kwamba Fundi ni mjane, na kila alipomwamkia alikuwa anamwibia upya.

Ikapita miezi miwili. Kikongwe akaanza kukataa chakula. Siku ya Ijumaa, Barafu akitoka kazini, Fundi alimsubiri bombani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Kaka, nina ombi la kijinga. Usinicheke."

"Sema tu, dada."

"Vile viatu vyako vya Jumapili. Mbona huvivai siku hizi? Mama anasema mwanawe amemkasirikia, ndiyo maana hapiti tena. Haoni, hajui. Nakuomba, vivae Jumapili hii, upite tu mlangoni, usiseme kitu. Wewe ni mtu wa dini. Huoni kwamba itakuwa baraka kwake?"

Angeweza kukataa. Jumapili akavitoa juu ya kabati, akavipangusa vumbi, akavivaa, akapita. Alipofika mlango wa Fundi alijihisi kama si yeye anayetembea, bali anatembezwa. Ndani alisikia, "Haya, mwanangu. Nenda salama." Sauti ya mtu aliyeshiba. Mchana ule kikongwe akala sahani nzima, na Fundi alikuja kumshukuru huku akilia.

Alifanya hivyo Jumapili ya pili. Safari hii kikongwe alikuwa na maneno zaidi. "Simama kidogo. Sema na mama yako, hata neno moja." Barafu alisimama. Alifungua kinywa, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba alikuwa karibu kujibu. Jibu lilikuwa tayari limefika kooni. Naam, mama. Akafumba mdomo, akakimbia, na alifika kanisani akihema kama mwizi anayefukuzwa.

Ibada ilipokwisha hakungoja salamu. Alimshika mkewe mkono, akamkalisha kwenye benchi la nje, akamweleza yote, kuanzia pipa la kuchomea nguo. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mkewe alivitazama vile viatu, alivyokuwa amevipaka rangi kwa mikono yake miaka miwili.

"Uliniambia mitumbani."

"Nilikudanganya."

"Na Fundi umeacha amshukuru Mungu kwa uongo wako." Akainuka kwenye benchi. Halafu akasema, "Tunakwenda sasa hivi. Ukilala nalo hili, kesho utapata sababu nyingine."

"Nitamwaga unga, mke wangu."

"Mwaga."

Alirudi nyumbani peku, viatu mkononi. Kinyozi alimwona, akataka kutania, akaiona sura yake, akaacha. Fundi alifungua mlango akitabasamu. Barafu hakukaa. Alipiga magoti pale kizingitini, akaviweka viatu sakafuni, mbele ya kiti cha kikongwe.

"Hivi ni vya mumeo," alisema. "Yule mtu wa kwenye daftari alikuwa yeye. Viatu nilivichukua mimi. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hana."

Fundi hakuelewa mara moja. Aliangalia viatu, akaangalia picha. Kisha akaokota kiatu kimoja, akakigeuza, akatia kidole kwenye ule mshono uliopinda. Sauti iliyomtoka iliwatoa watu vyumbani.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya chai."

"Miezi miwili! Umeniletea maji miezi miwili! Nimekuomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, upite na viatu vya mume wangu, ukapita!" Alimrushia kile kiatu. Kilimpata begani, hakujikinga. "Toka. Wewe na Mungu wako na ndoo zako, tokeni."

Barafu aliinuka atoke. Kikongwe ndiye aliyemzuia. Alikuwa hajalia. Alikuwa ameinama, anapapasa sakafu, mpaka akakipata kile kiatu kilichobaki, akakipakata.

"Ngoja," alisema. "Wewe ndiye uliyemwosha?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa maji ya baridi?"

"Hapana. Ya uvuguvugu. Tuna birika pale, huwa nachemsha. Hawaniagizi, ni desturi yangu tu."

"Kichwa ulikishika vizuri?"

"Nilikilaza kwenye mkono wangu, kama mtu anavyomwogesha mtoto."

Kikongwe akatikisa kichwa pole pole, kama anayehakikisha kitu anachokijua. "Alikuwa peke yake?"

"Nilikuwepo mimi."

"Ulisema chochote?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hilo, hata mkewe. "Huwa nasema neno moja kwa wale ambao hawajulikani. Nilisema, Bwana, huyu mimi simjui, wewe unamjua. Mwite kwa jina lake."

"Na wewe unaamini alimwita?"

"Naamini, mama. Hilo naamini. Nimeiba viatu, nimeandika uongo, lakini hilo sikulisema kwa uongo."

Ndipo kikongwe akalia, bila sauti, kiatu kifuani. Fundi alikuwa amegeukia ukuta. Hakumtazama Barafu tena siku ile.

Jumatatu Barafu alikwenda kwa mkuu wake, akasema alichofanya. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, na aliporudishwa alipewa onyo la maandishi na daftari likapewa mtu mwingine. Alibaki na kuosha tu. Kaburi alilitafuta yeye mwenyewe kwenye orodha ya manispaa, akaandamana na Fundi na kikongwe mpaka huko. Mbao zenye namba zilikuwa zimeoza. Mlinzi wa makaburi aliweza kusema mstari, hakuweza kusema shimo. Makaburi ya mstari ule yalikuwa matano, yamefanana, majani yamefika kiunoni. Kikongwe aliuliza ni lipi. Barafu, ambaye angetoa chochote siku ile aweze kunyoosha kidole, alisema, "Ni mojawapo ya haya, mama. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kukudanganya." Basi kikongwe akasimama kwenye kila moja, yote matano, mkwewe akimshika mkono, na kwenye kila moja alimwita mwanawe jina. Sauti yake ilikuwa ileile mara zote tano. Barafu, aliyesimama pembeni, alihisi nywele zikimsimama. Ilikuwa kama kikongwe anasubiri mmojawapo aitike.

Nyumbani, Fundi alirudisha ndoo mlangoni kwa Barafu bila neno. Alichota maji yake mwenyewe, alfajiri, na wakikutana bombani alitazama kando. Mkewe Barafu ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Alikaa na kikongwe mchana, akamkunjia nguo, akamsomea zaburi alipoombwa, akanyamaza alipoombwa. Mchungaji aliposikia alitaka Barafu asimame kanisani atoe ushuhuda. Barafu alikataa. "Bado hawajamaliza kulia," alisema, "mimi niwasimulie watu nini?"

Na ile sauti haikumwacha. Viatu vilikuwa chini ya kitanda cha kikongwe, alijua, lakini Jumapili akitembea na kandambili zake aliisikia ikimfuata nyuma kwa hatua mbili. Aliacha kugeuka. Akaanza, akiwa njiani, kumwombea marehemu na mama yake na mjane wake, kwa majina sasa, maana sasa aliyajua. Hapo sauti ilikuwa haitulii; ilikwenda naye tu.

Mwezi wa nane, alasiri, mlango wake ulibishwa. Alikuwa Fundi, na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Hakuamkia.

"Kuna mteja wangu," alisema, "mama mmoja anakaa mtaa wa nyuma. Mdogo wake wa kiume haonekani tangu mwaka juzi. Leo amekuja kupima gauni, ameanza kulia katikati ya vipimo. Nimemwambia yupo mtu."

Barafu alisimama. "Mtu gani?"

"Wewe. Vaa, twende."

"Fundi, mimi sasa daftari sishiki tena. Huenda nisiweze..."

"Sikukuuliza daftari." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na macho yake hayakuwa yamesamehe, wala hayakuwa yamefunga mlango. "Na ukifika, usianze na Mungu. Anza na yale maji uliyochemsha. Mungu atafika mwenyewe."

Walikwenda, yeye mbele, Barafu hatua chache nyuma. Ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba viwili, pazia la maua, viti vinne vilivyopangwa kama vya msiba. Yule mama aliwakaribisha, akakimbilia chumbani, akarudi na picha iliyoshikwa kwa mikono yote miwili. Barafu aliipokea. Aliibeba mpaka penye mwanga wa dirisha. Alipitia kichwani mwake safu kwa safu, meza kwa meza, miaka ishirini sasa ya nyuso zilizofumba macho, akamtafuta kijana yule mwenye masikio makubwa na shati la mistari. Alichukua muda mrefu. Nyuso zilimjia nyingi kuliko alivyotaka. Kila moja ilisogea karibu kana kwamba imesikia mlango ukifunguliwa.

"Huyu simjui, mama," alisema mwishowe. "Hakupita mikononi mwangu. Lakini kuna mahali pengine pa kuuliza, na nitakwenda na wewe."

Yule mama alikaa chini, akavuta pumzi ndefu ambayo haikuwa ya nafuu wala ya huzuni. "Basi nieleze," alisema. "Kama angepita. Ungemfanyaje?"

Barafu alimtazama Fundi. Fundi alivuta kiti, akakisogeza karibu na cha yule mama, akamwonyesha Barafu akae.